Msaada wadau wa Mwanza: mradi wa viwanja kando ya ziwa, zile mita 60 za hifadhi ya ziwa zinahesabiwaje kuwa eneo la wazi?

Jirani wa Ziwa

Wakuu habarini za jioni. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaofanya kazi za ardhi na mazingira huku kanda ya ziwa au mliowahi kukaa kwenye kamati za mtaa. Mtaa wetu sitautaja kwanza maana jambo bado liko mezani, ila ni huku pembezoni ambako zamani ilikuwa mihogo, majaruba ya mpunga na mwalo mdogo wa dagaa (pale boti zinapotua mzigo), na sasa kila ukipita unakuta bango jipya la viwanja vinauzwa.

Kuna shamba la ukoo mmoja, ekari kama 40, linashuka kutoka kwenye majabali huko juu mpaka kwenye maji kabisa. Wenyewe wameingia makubaliano na kampuni ya upimaji, kampuni inapima kwa gharama zake halafu wanagawana viwanja. Hilo sisi majirani hatulipingi hata kidogo, bora watu wapate viwanja vilivyopimwa vyenye barabara kuliko tulivyozoea kupanda milimani kila mtu na jiwe lake. Mchoro umeshafika halmashauri, na mwenyekiti wa mtaa akatuita tuuone kabla kamati ya mipango miji na mazingira haijaujadili. Nimeukagua na nimeupiga picha.

Kinachonisumbua ni hiki. Pale pembeni ya mchoro kuna jedwali la matumizi ya ardhi, limeandikwa viwanja vya makazi 140, kiwanja cha shule ya awali kimoja, barabara, na eneo la wazi ekari 7. Ukisikia ekari 7 unasema hawa jamaa wametufikiria. Lakini ukianza kuzitafuta hizo ekari 7 kwenye mchoro wenyewe unakuta karibu zote ni ule ukanda wa kijani uliochorwa kando ya ziwa, shamba linagusa ziwa kwa urefu wa kama mita 400 na ukanda una upana wa mita 60, halafu kipande kinachobaki kiko kule juu kwenye majabali. Katikati ya nyumba hakuna kitu, viwanja vimebanana barabara hadi barabara. Na ule ukanda wa chini wanaoujua wanajua, nusu yake ni mafunjo na matete, masika maji yanasimama humo wiki na wiki.

Nilimuuliza mtaalamu wa kampuni akanijibu kwa upole kabisa kwamba ukanda hautajengwa kwahiyo ni eneo la wazi, watoto watacheza huko na wakubwa watapunga upepo wa ziwa. Mkutano ukapiga makofi. Mimi sikuridhika ila sikuwa na hoja ya kumpa. Je kisheria inaruhusiwa eneo lilelile kuhesabiwa kama hifadhi ya ziwa na pia kama eneo la wazi la wakazi? Na sisi wananchi tunaweza kuiambia nini kamati kabla haijapitisha, maana nasikia ikishapitishwa ndo basi.

Mpima wa Kanda

Mkuu umeuliza swali zuri sana na ningependa watu wengi wa Mwanza wawe wanauliza hivi mchoro ukiwa bado mezani, kwasababu sisi tulio kwenye fani tunajua wananchi huwa wanakuja wakati bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zimeshazikwa na greda limeshapita.

Nianze na sheria. Mita 60 ziko kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu za binadamu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo ndani ya mita 60 kutoka ziwani, baharini, kwenye kingo za mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inazitaja mita 60 hizohizo kwenye kifungu cha 7 kwenye orodha ya ardhi ya hatari, humohumo imetaja ardhi oevu na miteremko mikali. Sasa angalia maana yake: ule ukanda haukuwa wa kugawa tangu mwanzo. Ukoo usingeujenga, kampuni isingeuuza, na hata huyo mradi usingekuwepo kabisa ukanda ungebaki vilevile. Kwahiyo mtu akikuonyesha ukanda huo akasema hiki ndicho nimewatolea wakazi wa viwanja 140, hajatoa kitu.

Piga hesabu mwenyewe. Mita 400 mara mita 60 ni mita za mraba 24,000. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Hiyo ni karibu ekari 6. Toa kwenye 7 zao inabaki ekari 1, na hiyo ekari 1 ndiyo ile ya kwenye majabali ambayo kwa mteremko wake nayo isingejengeka. Maana yake kwenye shamba la ekari 40 eneo la wazi ambalo mtoto wa miaka 6 anaweza kupiga mpira bila kuanguka wala kuzama ni sifuri.

Eneo la wazi kwenye mipango miji ni huduma, iko kundi moja na shule na zahanati. Linatakiwa liwe karibu na nyumba, tambarare kiasi, linaonekana kutoka barabarani, na watu wafike kwa miguu. Hifadhi ya ziwa kazi yake ni nyingine kabisa, ni kulinda maji. Vyote viwili vinaweza kuwa na rangi ya kijani kwenye mchoro ila kwenye jedwali vinatakiwa visimame mistari miwili tofauti. Hapo ndipo muanzie: iombeni kamati imrudishie mtaalamu mchoro atenganishe hiyo mistari miwili. Tarakimu zikishatengana kila diwani ataona mwenyewe.

Binti wa Mwaloni

Asante kaka Mpima, mimi naongezea upande wetu sisi tunaoanika dagaa. Huyo mtaalamu anayesema watoto watacheza kwenye ukanda wa ziwa sijui kama amekulia ziwani. Sisi tumekulia huku na mama zetu walikuwa wanatukimbiza na fimbo tukionekana kwenye matete. Kichocho kiko huko, wale konokono wanaobeba vimelea wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hapohapo mtoto anapopenda kuchezea, shuleni kila mara wanakuja kugawa dawa za kichocho na bado watoto wanaambukizwa tena kwasababu maji ni yaleyale. Ukiacha kichocho kuna mamba, ukiacha mamba kuna kuzama tu kwa kawaida. Mafunjo yana faida yake kubwa, samaki wadogo wanajificha humo, kambale wanazalia humo, na maji ya mvua yanayoshuka na tope kutoka mlimani yanachujwa humo kabla ya kuingia ziwani. Yaachwe yawe mafunjo. Msiyageuze uwanja wa kuchezea, maana wakishayaita uwanja kitakachofata ni kuyafyeka na kumwaga kifusi ili "papendeze", alafu hapo mmekosa vyote, mafunjo hamna na uwanja ni matope.

Kingine Jirani hujakisema, njia. Kwenye huo mchoro njia ya kwenda mwaloni ipo? Kuna sehemu nyingi tu huku watu walikuwa wanapita kwenda kuchota maji, kufua, kupokea dagaa asubuhi, siku ya siku unakuta fensi imeanzia barabarani inaishia majini. Wanawake wanazunguka na ndoo kichwani kilomita nzima. Mchoro usipoonyesha njia ya umma ya kufika ziwani basi baada ya viwanja kuuzwa njia hakuna tena, kila mtu atakuonyesha hati.

Jirani wa Ziwa

Dada umenifungua macho. Nimerudi kuangalia picha ya mchoro, ile njia ya mwalo ya siku zote haipo, pamechorwa viwanja juu yake. Barabara zote zinaishia kwenye safu ya mwisho ya viwanja kabla ya ukanda. Yaani ili ufike kwenye hilo "eneo la wazi" inabidi upite uani kwa mtu.

Nyanda wa Shambani

Naomba na sisi wenye mashamba tusikilizwe, maana naona mnavyoongea ni kama mwenye shamba ni mwizi. Sisi familia yetu tuna shamba linalofanana na hilo upande mwingine wa ziwa na tuko kwenye mazungumzo na wapimaji, kwahiyo hili nalijua kwa ndani. Ukoo una watu wengi, wazee wanataka kila mtoto apate kiwanja, kampuni nayo ina mgao wake. Kwanza mita 60 zinaondoka na hakuna aliyekufidia shilingi. Barabara zinaondoka, na siku hizi wanataka barabara pana, mimi nakubali maana gari la zimamoto lazima lipite. Kiwanja cha shule kinaondoka. Majabali hayauziki. Ukija kuangalia, shamba ambalo babu alilima lote, nusu ndiyo imebaki ya kugawana. Sasa mnataka tena ekari nyingine katikati, sehemu nzuri tambarare ambayo ndiyo yenye bei. Ekari moja ni viwanja 6 vya mita za mraba 600. Hivyo 6 ni watoto 6 wa ukoo wamekosa. Nani anawalipa hao?

Na mtu akikazwa sana anaacha kupima, anauza kienyeji vipande vipande kwa kuandikishana kwa mtendaji, hapo hamtapata eneo la wazi wala barabara wala chochote. Nyasaka na Mabatini na kwingine mnakuona.

Mpima wa Kanda

Nyanda nakuelewa na wala sitakupinga kwenye hoja ya fidia, ardhi ni ya ukoo na maumivu ni ya kweli. Na hofu yako ya watu kuuza kienyeji ni ya kweli pia, nimeona mashamba mangapi yamekwenda hivyo.

Lakini hesabu ya viwanja 6 si lazima iwe hivyo. Jirani kasema viwanja ni 140. Ukipunguza kila kiwanja mita za mraba 30 tu, yaani kilichokuwa 600 kiwe 570, unapata mita za mraba 4,200, hiyo ni ekari moja na chenji. Idadi ya viwanja inabaki 140, hakuna mtoto wa ukoo anayekosa, na mnunuzi wa kiwanja cha 570 hataona tofauti kwenye ramani ya nyumba yake. Mpangaji mzuri anaweza kuipata hiyo ekari bila kumnyang'anya mtu kiwanja, ni kazi ya kompyuta ya siku chache, shida inakuja kwamba mara nyingi mchoro unatengenezwa kwa kuanza na viwanja, kinachobaki pembeni ambacho hakijengeki ndicho kinaitwa eneo la wazi. Ukianza kwa kuweka eneo la wazi na njia za maji kwanza halafu viwanja vikafata, mchoro unatoka tofauti kabisa na bei haishuki.

Alafu Jirani nikuulize jambo la muhimu kuliko yote. Hizo mita 60 zimepimwa kuanzia wapi?

Jirani wa Ziwa

Kutoka kwenye mstari wa maji uliochorwa. Sijui mstari huo waliupata wapi, nadhani ni picha ya setilaiti maana chini wameandika hivyo. Kwanini?

Mpima wa Kanda

Kwasababu ziwa letu halikai sehemu moja. Ziwa Victoria linapokea maji yake mengi kutoka kwenye mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja na kutokea ni sehemu moja tu kule Jinja kwenye Nile, mvua zikizidi miaka miwili mfululizo linajaa na linachukua muda mrefu kushuka. Wazee wanakumbuka mafuriko ya baada ya mvua za 1961, ziwa lilipanda hadi kilele cha 1964. Kisha 2020 lilipanda tena hadi kugusa kiwango cha mwaka ule, mialo ikazama na nyumba za kando zikaingiwa maji Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwahiyo ukichukua picha ya setilaiti ya mwaka ambao ziwa lilikuwa chini, ukachora mstari hapo ukapima 60, unaweza ukawa umeweka safu nzima ya viwanja mahali ambapo 2020 palikuwa na maji. Kwenye ufuo wa mawe mwinuko ni mkali tofauti inakuwa mita chache. Ila kwenye ufuo wa mafunjo kama huo wenu ardhi imelala, ziwa likipanda kidogo tu maji yanatembea mbali sana kwenda nchi kavu. Tuseme kilele kiko mita 25 ndani zaidi ya mstari wao, basi safu ya kwanza ya viwanja iko mita 35 kutoka majini na kisheria haijengeki. Anayeumia hapo ni mnunuzi, katoa hela yake, ana hati, siku moja anaambiwa abomoe.

Wenye kumbukumbu za usawa wa maji ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko hapahapa Mwanza. Wao pia ndio huwa wanaweka zile bikoni za mipaka ya hifadhi ya maji. Halmashauri ikiwaandikia watakuja kuonyesha mstari. Ombeni hilo lifanyike KABLA ya mchoro kupita, na wazee wa mtaa waende nao siku hiyo wakaonyeshe maji yalifika kwenye mti gani au jiwe gani mwaka 2020. Mawe yetu hayahami, ni ushahidi mzuri.

Afya Mazingira

Naingilia hapo kidogo maana watu wote mmeng'ang'ana na eneo la wazi (ni sawa) lakini vyoo hakuna aliyeuliza. Viwanja 140, bomba la majitaka hakuna huko pembezoni, kila mtu atachimba septiki yake na shimo la kunyonyea. Juu ni jabali, ukichimba futi nne unagonga mwamba, shimo halinyonyi. Chini maji ya ardhini yako karibu, shimo linajaa lenyewe masika hata kabla hujahamia. Kwa lugha nyepesi kinachobaki kuchuja uchafu wa nyumba 140 ni yale mafunjo. Ndio maana mimi nasimama na Binti, yasiguswe. Virutubisho vikizidi ziwani mwani unachanua maji yanakuwa kijani, gugumaji linapata chakula, na maji hayohayo tunayavuta tena kuyasafisha ili tunywe.

Kuhusu utaratibu: mradi wa ukubwa huo unatakiwa usajiliwe NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), wana ofisi ya kanda Mwanza, wao ndio wanaupanga kwenye daraja kwa kufuata kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005 na marekebisho yake ya 2018, miradi mingine inafanyiwa tathmini kamili mingine fupi. Kwa tathmini kamili mtaalamu lazima aje azungumze na nyie na maoni yenu na orodha ya waliohudhuria vinaambatanishwa kwenye ripoti. Muulizeni mwenyekiti maswali mawili tu, mradi umesajiliwa? na mtaalamu wa mazingira alikuja mtaani kwetu lini? Kama kuna sahihi zenu za mahudhurio ya mkutano ule wa makofi, ujue zinaweza kuwa ndiyo ushahidi kwamba wananchi waliridhia. Kwahiyo andikeni maoni yenu kwa maandishi, msiache makofi ndiyo yabaki kwenye rekodi.

Mzee wa Kamati

Nimekaa kamati ya mtaa miaka mingi, sio huko kwenu. Naomba niseme jambo moja ambalo linaniuma mpaka leo.

Sisi tulipigania eneo la wazi na tukalipata. Lilichorwa katikati kabisa ya mtaa, zuri, tambarare, likapitishwa na kamati na sisi tukaenda nyumbani tumefurahi. Kumbe kuchorwa ni hatua ya kwanza tu. Walipokuja kupima walipima viwanja vya kuuza, eneo la wazi halikuwekewa bikoni wala halikupewa namba, likabaki pengo jeupe katikati. Watoto walicheza pale miaka kadhaa, tuliotesha hata miti ya miarobaini na michongoma kuzunguka. Baadae akaja mtu na karatasi. Akaja na wa pili. Tulipokwenda kuuliza tukaambiwa mchoro umefanyiwa marekebisho, pale sasa ni makazi. Na sisi hatukuwa na kitu cha kushika mkononi, hakuna hati, hakuna namba, hakuna mwenye eneo. Leo kuna nyumba tatu na fremu za maduka. Watoto wanacheza barabarani na bodaboda ndo hizo mnazijua.

Kwahiyo mwanangu Jirani, eneo la wazi likiwekwa kwenye mchoro usitosheke. Dai lipimwe siku ileile viwanja vingine vinapimwa, lipewe namba ya kiwanja na kitalu chake, matumizi yaandikwe eneo la wazi, na halmashauri ilimiliki kwa hati ikiwa mdhamini wa wananchi. Mwambieni diwani aweke sharti hilo kwenye kikao, kwamba viwanja vya kuuza visianze kumilikishwa kabla eneo la wazi na njia ya ziwani havijapata namba. Na nakala ya mchoro uliopitishwa ibandikwe ofisi ya mtaa ukutani, watu wauzoee, mtoto akiuona kila siku hata mtu akija na mchoro mwingine ataulizwa huu umetoka wapi.

Na kuhusu watoto kukosa pa kuchezea, mjini umebaki uwanja wa Furahisha ambapo kila wiki kuna mkutano au maonyesho, kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013 unalipa kiingilio na boti. Mtoto wa kawaida wa Mwanza pa kukimbia ni pale alipozaliwa, pakijengwa pote hana pengine.

Mama Kiwanja

Mimi ni mnunuzi, nilikuwa natafuta kiwanja mitaa hiyohiyo na dalali ananisukuma nichukue cha "mbele ya ziwa". Kwa haya ya Mpima naona bora ninunue safu ya juu hata kama sioni maji kutoka dirishani. Naomba kuuliza tu, mimi mnunuzi nitajuaje kiwanja kiko nje ya mita 60 kabla sijalipa?

Mpima wa Kanda

Mama usilipie mchoro. Subiri ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri wakuangalizie, halafu peleka namba hiyohiyo kwa ile bodi ya bonde wakwambie kama mpaka wao umepita juu au chini yake. Dalali akikwambia ofa inaisha leo, iache iishe.

Nyanda wa Shambani

Mpima ile hesabu ya mita 30 nimewaonyesha kaka zangu jioni hii. Tulikuwa tumeambiwa kwamba eneo la wazi lazima lile viwanja vizima, hakuna aliyetuambia unaweza kumega kidogo kidogo kila kiwanja. Kwa hali hiyo mimi binafsi sina kipingamizi. Mzee wa Kamati nawe umenifikirisha, maana kama sisi tunatoa ekari ya ukoo bure alafu baadae mtu mwingine anaiuza, hiyo inauma kuliko kutotoa. Ikiwa na hati ya halmashauri walau najua mjukuu wangu ataikuta. Nashauri na Jirani akaongee na wazee wa ukoo ule ana kwa ana kabla ya kupeleka barua, wasikute jina lao linasemwa halmashauri hawajui kitu. Kwetu huku ukimfata mzee nyumbani kwa heshima mnamaliza mambo mengi.

Jirani wa Ziwa

Wabeja sana wote, sikutegemea nitapata majibu ya namna hii. Nyanda nitafanya hivyo, mkubwa wa ukoo ule tunafahamiana, jumapili nampitia baada ya ibada.

Barua nimeanza kuiandika, inaelekezwa kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani. Tunaomba hifadhi ya ziwa na eneo la wazi vitenganishwe kwenye jedwali, lipatikane eneo la angalau ekari moja tambarare katikati ya viwanja na lile la majabali lisihesabiwe, njia ya mwaloni irudi kwenye mchoro kama njia ya umma mpaka majini, mstari wa mita 60 uonyeshwe na watu wa bonde kwa kiwango cha juu cha maji na sio picha, mafunjo yasifyekwe wala kumwagiwa kifusi, na eneo la wazi lipimwe na kupewa namba pamoja na viwanja vingine. La majitaka nimeliweka kama swali, watueleze wamepangaje. Nimeandika pia wazi kwamba mradi tunautaka. Kuna kitu nimesahau?

Mzee wa Kamati

Umeandika vizuri. Ongeza mtaro wa maji ya mvua, shamba likiwa na paa 140 na barabara ngumu maji yote ya mlimani yatashuka kwa kasi kuja kwenu majirani wa chini, mchoro uonyeshe yanapita wapi na yanaishia wapi.

Barua isainiwe na watu wengi wenye majina na namba za nyumba, wanawake wa mwaloni wasainie na wao. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo uifiche vizuri. Muulize mtendaji kamati inakaa lini, barua iingie kabla, maana vikao vya kamati wananchi hamuingii ila baraza la madiwani ni la wazi, mnaweza kwenda kukaa mkasikiliza diwani wenu anasema nini. Nendeni wengi.

Binti wa Mwaloni

Sahihi za akina mama wa mwaloni niachie mimi kama ni mtaa ninaoufikiria. Nitumie barua inboksi, asubuhi boti za dagaa zikifika wote wanakuwepo.